Ploti Iliyofagiwa Mno

Mwalimu alikuja kwenye kitalu changu na katoni ya miche iliyokufa, akaitua juu ya meza yangu ya maua, akasema, "Mama wa miche, nimekuletea watoto wako."

Nilihesabu. Kisha nikahesabu tena, kwa sababu mtu mwenye hasira anaweza kukuchanganyia na maiti za duka lingine. Ilikuwa miche thelathini na minane, migunga mitupu, na pakiti zake nyeusi nilizitambua: mimi huzikunja mdomo mara mbili, kama mtu anavyokunja mikono ya shati kabla ya kazi.

"Nilikuuzia arobaini," nikamwambia. "Miwili iko wapi?"

"Hiyo miwili bado inafikiria."

Kitalu changu kiko kando ya Waiyaki Way, kati ya Kangemi ninakolala na Kinoo ninakochota mchanga mwekundu. Hapo watu hunijaribu kila siku. Huyu anataka miche kumi kwa bei ya sita, yule anataka chungu cha bure kwa sababu kina ufa, na ufa ameutia yeye mwenyewe akikigonga kuona kama ni kigumu. Nimezoea. Lakini Mwalimu hakuwa mteja wa namna hiyo. Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha biolojia katika shule za upili kwa zaidi ya miaka thelathini, alikaa vyumba viwili vya kupanga kule mtaa wa Satellite, na hakuwahi kunibishia bei hata mara moja, jambo lililonifanya nimwogope kidogo.

Akaketi juu ya ndoo niliyoigeuza, akanieleza hali yake. Mzee wake, yaani mumewe, dereva wa basi mstaafu, alikuwa ametumia kiinua mgongo chake kununua ploti ya nusu ekari upande wa Kajiado, kwenye nchi kavu ambako mawingu hupita yakielekea kwa watu wengine. Akajenga nyumba ya mabati, akatangulia kuhamia, akangoja mke amfuate. Kabla ya mke likaja vumbi. Lilimwingia kifuani na likakataa kutoka. Daktari alimwambia waziwazi: ama vumbi liondoke au wewe uondoke. Watoto wao nao walikuwa wameshapata mnunuzi, mtu anayetaka pa kuegesha malori, na wakaweka sharti. Mvua za masika zipite, na kiangazi kinachofuata. Kama kiangazi hicho kitamkuta Mzee bado anakohoa, ploti inauzwa na yeye anarudi Satellite kutazama ukuta wa jirani.

"Hiyo ploti aliichagua miaka mingi akiendesha basi," Mwalimu akasema. "Kila akipita barabara ile alikuwa anatafuta pa kushuka. Nikimrudisha kwenye vyumba viwili, kifua kitapona na mwenyewe atakufa."

"Pole, Mwalimu. Lakini miche yangu haifi."

Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mimi nilikuwa nachoma mchanga. Nyuma ya kitalu nilikuwa na nusu pipa juu ya mawe matatu. Mchanga unaingia humo, moto unakolezwa chini, unakoroga kwa koleo mpaka utoe mvuke na uache kunuka. Viwavi wanaokata shina, mayai yao, mbegu za magugu, magonjwa, vyote vinaishia pale. Wenzangu wa barabarani hawachomi, na wateja wao hurudi na malalamiko. Wangu walikuwa wakirudi na majirani zao. Mchanga wangu ulikuwa safi kuliko sufuria za watu fulani ninaowajua, na hayo yote nilimwambia Mwalimu nikiwa nimesimama.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anayesubiri mwanafunzi amalize jibu lisilo sahihi.

"Basi twende ukaone," akasema.

"Lazima. Siwezi kulipa fidia ya maiti kabla sijaona ilikofia."

Tulifika kabla ya saa nne asubuhi. Ploti ilikuwa safi, na hilo ndilo nililoliona kwanza, na nakiri kwamba lilinifurahisha. Kwetu magharibi, ambako ukisahau fimbo imechomekwa chini utaikuta na majani, uwanja usiofagiwa ni aibu ya mwenye nyumba. Mama yangu aliweza kumhukumu mtu kwa alama za ufagio kabla hajamwona uso. Sasa huyu Mzee alikuwa amefagia nusu ekari nzima, kona kwa kona. Siku alipohamia alikwangua kwa jembe nyasi kavu zote na ukoko mweusi uliokuwa umeganda juu ya ardhi, na tangu hapo kila asubuhi akawa anapita na ufagio wa vijiti. Mistari ilikuwa imelala sambamba kama nywele zilizochanwa kwa ajili ya kanisa.

"Mzee, huu sasa ndio uwanja," nikamwambia.

"Asante. Hata nyoka akipita, nitajua alikuwa anaenda wapi."

Miche miwili iliyobaki ilisimama katikati ya usafi ule kama watu waliofika kwenye sherehe siku isiyo yake. Niligusa udongo. Ulikuwa laini kama unga wa ugali, na mgumu ghafla kwa chini, kama sakafu. Nilikuwa bado nautafakari upepo ulipokuja.

Haukuwa upepo mkubwa. Ulitosha kufungua ukurasa wa gazeti, basi. Lakini uwanja wote uliinuka. Nyumba ikapotea, mlango ukapotea, nami nikala ploti ya watu kwa meno yangu mwenyewe. Mzee aliinama na kitambaa mdomoni, na Mwalimu akamshika mgongoni kwa mkono uliokuwa umeshajua mahali pa kushika. Nilihesabu vikohozi bila kutaka. Nilipofika ishirini niliacha. Si kawaida yangu kuacha hesabu njiani.

Vumbi lilipotulia niliangalia ng'ambo ya ua. Kule kulikuwa na kipande cha ardhi cha jirani, mama Mmaasai ambaye alikizungushia miiba ili kiangazi kikikaza awe na nyasi za ndama na mbuzi wagonjwa. Upepo ulikuwa umepita kule kwanza kabla ya kutufikia sisi. Kule hakukuinuka kitu. Katikati yake palikuwa na mgunga mmoja mpana, na chini pote, kati ya vishungi vya nyasi, ardhi ilikuwa nyeusi na iliyokunjamana kama ukoko wa ugali ulioachwa sufuriani.

"Ulikuwa hivi huku kwetu pia?" nikamuuliza Mzee.

"Hivyohivyo. Mchafu kabisa. Nilitumia wiki mbili kuukwangua."

Mwalimu alikuwa ameshaanza kutembea. Alimwomba jirani ruhusa, akaingia kupitia pengo la miiba, akachuchumaa, akavua miwani na kuinamia ardhi kama anayetafuta sindano. Kisha akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akamwaga kiasi cha kikombe juu ya ukoko ule.

Nilidhani anauosha. Nilisimama nyuma yake nikihesabu moyoni, kwa sababu nikisimama bila kazi huwa nahesabu. Nilipita hamsini. Nilipita mia. Karibu na mia mbili weusi ulianza kulegea. Nilipepesa macho nikidhani ni jua. Halikuwa jua. Rangi ya kijani ilikuwa inapanda kutoka ndani ya ardhi, taratibu, bila mtu kuisukuma, kama damu inavyorudi usoni mwa mtu aliyezimia. Muda mfupi baadaye pote alipomwaga maji palikuwa pa kijani, na pembeni, palipobaki pakavu, palikuwa na weusi uleule. Ungeweza kuchora mpaka kwa kidole.

Hata mbuzi wa jirani walikuwa wameacha kutafuna, ingawa wao labda walikuwa na sababu zao.

"Ni nini hiyo?" hatimaye nikauliza, na nilijisikia nikinong'ona.

"Viumbe hai," akasema Mwalimu. "Bakteria wanaojipikia kwa jua, kama majani. Wengi, na kuvu kati yao. Walikuwa wamelala."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwisho iliyowafikia. Wanaweza kulala hivyo muda mrefu sana, wamekauka kabisa, wakingoja." Akabandua kipande kidogo kwa ukucha, akakiinua juu. Chini yake chembe za mchanga zilikuwa zinaning'inia kwenye nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, moja hapa, tatu pale, kama shanga zilizotungwa na mtu mwenye subira kubwa. "Unaona? Hawa ndio wanaoshika vumbi. Wanafuma."

Akabaki ameinamia kile kipande.

"Nimefundisha watoto wa watu vijidudu miaka yote hiyo," akasema. "Kipindupindu. Homa ya matumbo. Osheni mikono. Sikuwahi kuwaambia hata siku moja kwamba tumesimama juu yao, na kwamba ndio wametushikilia."

Tulirudi nyumbani kwa Mzee na madonge matatu ya udongo. Mwalimu alipanga glasi tatu za maji mezani, kama yuko maabara. Donge la uwanja uliofagiwa lilipoingia majini lilisambaratika kabla hajaondoa mkono. Maji yakawa uji. Donge la chini ya mgunga wa jirani lilikaa. Tulinywa chai nzima, likakaa. Maji yake yalibaki maangavu, ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo. La tatu lilitoka kwenye pakiti ya mche mmoja uliokufa tuliyokuja nayo, mchanga wangu mimi, ule wa pipa. Nililitazama likiyeyuka kama sukari ya mtu mwingine.

Mzee aliweka kikombe chini. "Kwa hivyo miaka miwili nimekuwa nikichuna ngozi."

"Ndiyo," akasema mkewe.

"Na huyu mama amekuja akanisifu."

"Na yeye ana lake. Anauchoma mchanga. Wewe umechuna, yeye amechoma. Mti umefika hapa ukiwa hauna rafiki hata mmoja mizizini, ukapandwa mahali ambapo marafiki wenyewe wamefagiwa. Ungefanya nini?"

Nilikuwa nimekuja na hoja saba za kujitetea. Nilizipitia zote haraka, na hakuna iliyosimama.

Jioni ile sikuweza kuondoka mikono mitupu, nikaenda kwa jirani kuomba mchanga wa chini ya mgunga wake. Aliniangalia kama mtu anayeuziwa kivuli chake.

"Mchanga? Si hapo kwenu upo?"

"Wetu umekufa."

"Mmeuua na nini?"

"Ufagio."

Alicheka mpaka akashika mti wa ua. "Watu wa Nairobi. Haya, mtungi mbili za maji kwa kila ndoo."

"Mama, huu ni mchanga, si maziwa. Mtungi mmoja."

"Mbili. Na shimo ufukie. Na hiyo nyeusi ya juu usiguse, chota ile ya chini, karibu na mizizi."

"Moja na nusu."

"Mbili, na nikuongezee swali. Kama ni mchanga tu, umetoka Nairobi kuufuata kwa nini?"

Nikalipa mbili. Nilichota ndoo mbili, Mzee akatoa mitungi minne kwenye tangi lake, na nikarudi Kangemi nikiwa nimekasirika kwamba nimeshindwa bei. Sikujua bado kwamba nilikuwa nimemwibia yule mama mchana kweupe.

Mimi siamini kitu ambacho sijakiona mara mbili. Wiki iliyofuata nilipanda ngazi za jengo moja katikati ya mji, nyuma ya mitaa ya vipuri, ambako kuna duka la vifaa vya maabara za shule. Kwenye mkoba nilikuwa na vichupa viwili vya udongo niliokuwa nimeulowesha tangu jana yake, kama Mwalimu alivyoniagiza: kimoja kutoka kwenye pipa langu, mchanga uliochomwa kabla tu ya kuloweshwa, kimoja kutoka kwa mgunga. Mwenye duka alikuwa mwanamume mwenye kitambi na kalamu sikioni.

"Nataka kuona hadubini," nikasema.

"Ya shule gani?"

"Ya barabarani, Waiyaki Way."

Akaishusha moja kwenye rafu. Nikauliza bei, akataja, nikaguna. Akapunguza, nikaguna tena. "Siwezi kununua kitu bila kukijaribu," nikamwambia, nikatoa vichupa vyangu.

"Mathe, hiyo ni nini?"

"Matope."

Akaangalia mlangoni kama kuna mteja mwingine wa kumwokoa. Hakukuwa na mtu. Akadondosha tone la pipa juu ya kioo, akarekebisha, akanipisha. Niliona vipande vya mawe na masizi, vimetulia kama vyombo vya nyumba iliyohamwa. Niliangalia muda mrefu, nikiutafutia mchanga wangu sifa. Hakuna kilichotikisika.

Kisha akaweka tone la mgunga.

Sina lugha nzuri ya hili, nitasema nilivyoona. Palikuwa na nyuzi, zinapita huku na huku, zinagawanyika, zinakwenda nje ya duara la kioo kama barabara zinazoelekea miji nisiyoijua. Palikuwa na vitu vya duara vinavyozunguka, na kimoja kirefu, kama kiatu, kilichokuja mbio, kikagonga chembe ya mchanga, kikarudi nyuma, kikajaribu njia nyingine. Na kati ya vyote hivyo kulikuwa na nukta ndogo zisizo na idadi, zikitetemeka, zikitetemeka. Nilichagua kona moja ndogo, nikaanza kuhesabu. Nilifika arobaini na moja. Nikarudia kona hiyohiyo: sitini. Nikarudia: nikapotea kabla ya mia. Mimi huhesabu mara mbili ili hesabu zikubaliane. Zile zilikataa. Nilikuwa naangalia pembe ya tone, na tone lilikuwa limetoka kwenye kijiko, na kijiko kwenye ndoo, na ile ndoo nilikuwa nimeibishania mtungi wa maji.

"Na mimi nione," mwenye duka akasema.

Akainama. Dakika zikapita. Simu yake ililia kaunta, akaiacha ilie.

"Hizi zinafanya nini?" akauliza bila kuinua uso.

"Zinashikilia Kajiado."

"Ziko hata kwa maua yangu pale dirishani?"

Tukachota kidogo kwenye chungu cha maua yake, tukaangalia. Zilikuwepo. Alisimama akakitazama kile chungu kama mtu anayegundua kuwa wapangaji wake ni wengi kuliko aliowaandikisha. Hadubini sikununua, na hakuniuliza tena.

Nyuma ya kitalu nililigeuza pipa likaangalia chini. Nilipanda mbegu mpya za mgunga kwenye pakiti themanini: arobaini kwenye mchanga uliobaki wa kuchomwa, arobaini kwenye mchanga mbichi uliochanganywa na ule wa jirani, konzi moja kila pakiti. Mwanzoni miche ya mchanga wa kuchomwa iliipita mingine. Ilikuwa mirefu, mizuri, majani laini. Mteja angeichagua bila kuuliza. Mwalimu alipokuja nilimwonyesha kwa furaha mbaya kidogo.

"Ng'oa mmoja kila upande," akasema.

Mche wa kuchomwa ulitoka kwenye pakiti kirahisi, mizizi myeupe mitupu kama tambi. Wa mchanga mbichi ulikataa kutoka. Niliuzamisha kwenye maji, nikauosha polepole. Mizizi yake ilikuwa imevaa udongo kama soksi, na hapa na pale ilikuwa na vifundo vidogo kama shanga. Mwalimu akakata kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kwa mbali, rangi ya nyama.

"Humu ndani kuna bakteria," akasema. "Wanachukua hewa, wanaigeuza mbolea."

"Hewa hii hii?"

"Hii hii. Na hizi nyuzi ni kuvu. Zinatoka kwenye mzizi, zinakwenda mbali ambako mzizi wenyewe haupiti, zinaleta maji na chakula."

Nilikuwa nimeuza samadi miaka kumi na moja kando ya barabara. "Na wanalipwa nini?"

"Sukari. Mti unaitengeneza juu kwenye majani, unawashushia."

"Nani alipanga bei?"

Mwalimu akacheka, lakini mimi nilikuwa nimeuliza kwa dhati. Nimekaa sokoni tangu utotoni na sijawahi kuona mapatano ambayo hakuna upande unaonung'unika.

Mvua za masika zilipokaribia tulikwenda kupanda ile thelathini na tisa iliyobaki yenye soksi. Ile mingine nilimpa jirani wa kitalu na kumwambia ukweli wake wote. Matone ya kwanza yalianguka tukiwa bado na majembe mkononi, na ile harufu ikapanda, harufu ambayo kila mtu anaijua tangu mtoto na anaiita ya mvua.

"Si ya mvua," Mwalimu akasema akiwa amefumba macho. "Ni wao. Wanaitengeneza wao."

Mzee alisimama mlangoni akivuta hewa ile, kwa uangalifu, kama anayeonja chai ya moto. Hakukohoa. Nilimwona amefungua kifungo cha juu cha shati.

Kazi ngumu haikuwa miti. Kazi ngumu ilikuwa kumwachisha Mzee ufagio. Mwalimu alimwagiza asikwangue, asifagie, nyasi ziache ziote, majani yaache yaoze. Nilipokwenda kuona baada ya wiki tatu nilikuta mistari mipya, sambamba, safi, kuanzia mlangoni hadi kwenye miche sita ya kwanza.

"Mzee," nikamwambia. "Hiyo ni nini?"

"Upepo."

"Upepo wa Kajiado una vijiti arobaini?"

Alikaa juu ya kiti chake, akatazama nyasi zilizoanza kusimama hovyo kila upande. "Wewe unaelewa," akasema. "Mtu akipita barabarani akaona hivi, atasema humu anaishi mvivu. Au mgonjwa."

Nilielewa sana. Nilitaka kumwambia vile nilivyoona kwenye tone, nikajaribu, nikawa nazungusha mikono hewani kama mwehu. Akaegemea mbele kitini.

"Wengi kiasi gani?"

"Nilishindwa kuhesabu."

"Wewe?"

"Mimi."

Hilo lilimwingia kuliko biolojia yote ya mkewe. Tukapatana: afagie kijia kimoja, upana wa mtu, kutoka lango hadi mlango, na kwingine kote asiguse. Alitaka upana wa watu wawili. Nikakataa.

Kiangazi kilikuja na hesabu yake. Nilikwenda mwishoni mwake, wakati nchi yote ile imekuwa rangi ya ngozi ya ngamia, na watoto wao walikuwa wamekuja siku hiyo na yule mnunuzi wa malori. Nilipita mche hadi mche kabla sijasalimia mtu. Hai ilikuwa thelathini na mitatu. Nikapita tena: thelathini na mitatu. Haikuwa mirefu, mingine ilifika gotini tu, lakini ukiinama uliona vichipukizi, na udongo chini ya nyasi zilizolala ulikuwa umeanza kushikana. Ngozi nyeusi haikuwa imerudi. Mwalimu alisema hiyo itachukua miaka, pengine mingi kuliko waliyo nayo wao wawili. Ila kando ya ua na kwenye vivuli vya mawe palikuwa na utando mwembamba wa kijivu, kama pumzi juu ya kioo. Mwalimu alinionyesha sehemu zote. Alizijua kama mtu anavyojua meno ya mtoto wake.

Upepo ulikuja tukiwa tumesimama pale. Binti yao mkubwa alifunika uso kwa leso kwa mazoea. Nyasi zikainama. Juu ya kile kijia kivumbi kidogo kikachezacheza, kikakaa. Wote tulimgeukia Mzee, hata yule wa malori. Akakohoa mara mbili, akatutazama mmoja mmoja.

"Hiyo ni ya uzee," akasema. "Au mnataka niuze na uzee pia?"

Daktari alikuwa amemsikiliza kifua wiki iliyopita na kusema aendelee kukaa alipo. Binti alimsindikiza yule mnunuzi hadi kwenye gari lake, wakaongea kidogo, akarudi peke yake.

Mwezi uliofuata nilikwenda Satellite kumsaidia Mwalimu kuhama. Vyombo vya vyumba viwili viliingia pikapu moja: kitanda, kabati la vyombo, meza, mtungi wa gesi, maboksi tisa ya vitabu. Tulipofika, dereva alitaka kuingia moja kwa moja hadi mlangoni. Mzee alikuwa amesimama langoni na mikono yote miwili juu.

"Hapa hapa," akasema. "Gari haliingii."

"Buda, si kuna nafasi kibao?"

"Hakuna nafasi. Pamejaa."

Dereva akachungulia ndani. Aliona nyasi, miti ya kufika gotini, na ardhi tupu. Akanigeukia mimi kama mtu mwenye akili timamu aliyebaki.

"Pamejaa nani?"

"Tungesema tusingemaliza," nikamwambia. "Beba."

Akataka nyongeza kwa ajili ya kubeba, tukavutana, nikampa nusu ya aliyoitaka na chakula cha mchana. Kisha tukaanza safari kwenye kile kijia, mmoja nyuma ya mwingine: binti na boksi la vitabu kichwani, mimi na godoro, dereva na mwenzake wamelibeba kabati la vyombo kwa ubavu, viwiko ndani, wakitembea kama wanaopita kati ya madawati ya watoto wanaofanya mtihani. Hatua mia moja na nne kutoka lango hadi mlango. Wakati wa kurudi zilikuwa mia moja na sita, kwa sababu dereva alisimama kutazama chini. Mzee alitangulia kila msafara akielekeza kwa mkono, taratibu, kushoto kidogo, mguu huo, Mwalimu angalia mguu huo. Na Mwalimu, akiwa amekumbatia sufuria tatu, aliinua mguu wake juu ya utando usioonekana, akauvuka, akaukanyaga upande wa pili, kwake.